Fundi Waya, Aliyeachiwa Kwenye Kalenda

Ndugu waombolezaji, haya ndiyo maisha ya mzee wetu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Waya, kama familia ilivyoyakusanya na kumpa kitindamimba wake ayaandike na kuyasoma.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa tatu wa baba seremala na mama mshonaji, akaanza darasa la kwanza Januari 1979 na kumaliza la saba Novemba 1985, akisifiwa kwa mwandiko, halafu mjomba wake akamfundisha kutengeneza redio, na mwaka 1994 akaweka meza yake kwenye baraza ya duka la rangi, ambako kila redio aliibandika karatasi yenye jina la mwenyewe na ugonjwa wake. Tarehe 10 Agosti 1996 alifunga ndoa na mkewe, aliyeketi hapa mbele, wakajaliwa mabinti wawili, mwaka 1998 na 2000.

Tarehe 6 Juni 2012 polisi walikuta mezani pake redio ya wizi, iliyoachwa na mteja ambaye hakurudi tena, naye akapelekwa mahabusu kusubiri kesi, jalada likapotea, akasubiri miaka tisa, katika chumba cha watu arobaini walimojazwa mia moja na sitini, waliolala wamebanana na kugeuka ubavu kwa pamoja nyapara akiamuru.

Mwaka 2016 shirika la misaada lilikuja kuwafundisha sheria mahabusu wachache, ili wawasaidie wenzao, naye kwa mwandiko wake akapewa kazi ya kuandika orodha ya waliosahaulika, ambayo wakili wa shirika aliichukua kila Jumanne, na kwa orodha hizo watu mia mbili na kumi na wanne walirudi makwao, jambo tunalolishukuru bila kinyongo, ila yeye kwa haya zake alijiandika wa mwisho siku zote.

Oktoba 2018 shirika lilihitaji picha ya mtu aliyeachiwa, kwa ajili ya kalenda ya wafadhili, na kwa kuwa walioachiwa hawakutaka kuonekana, Fundi Waya alitolewa nje ya lango kwa dakika kumi, akavishwa shati jeupe la dereva wa shirika, akaambiwa acheke, kisha akavuliwa shati na kurudishwa ndani. Chini ya picha waliandika, "Huru kwa msaada wenu", na tangu hapo karani wa shirika, kila alipoliona jina lake mwishoni mwa orodha, alilikata, akijua huyo alishatoka. Marehemu alipouliza kwa nini haitwi, askari wa zamu alimwonyesha kalenda kwenye ukuta wa ofisi ya gereza akasema, "Fundi, wewe si uko nje? Mbona unatujazia chumba?" na ofisi nzima ikaangua kicheko.

Aliliandikia shirika barua nne za kujieleza, lakini Desemba 2019 ufadhili wa magereza ulikwisha, shirika likahamia kuchimba visima. Alichobaki kukitaka ni kumpakata mjukuu wake, aliyezaliwa Septemba mwaka huo, naye alimwona mara mbili tu, kupitia wavu ambao ncha ya kidole chake kimoja ndiyo iliyopenya.

Februari 2021 alianza kukohoa, ikawa kifua kikuu, akafariki hospitalini tarehe 11 Septemba 2021, akiwa na miaka hamsini, mguu mmoja ukiwa umefungwa pingu kitandani. Kwa kuwa mwili wa mahabusu hautolewi bila hati ya mahakama, jalada lililotafutwa miaka tisa lilipatikana asubuhi moja, nyuma ya kabati, na ndani yake hakimu alikuwa ameifuta kesi tarehe 3 Machi 2015, mwaka mzima kabla shirika halijafika.

Tunawashukuru madaktari, muuguzi aliyeomba pingu ilegezwe, majirani, mafundi wenzake waliofunga meza zao leo, na wote waliotoka kwa mwandiko wake, ambao wamejaa viti vya nyuma. Picha mnayoiona juu ya jeneza tumeikata kwenye kalenda, maana hatuna nyingine anayocheka, maneno ya chini tumeyakunja. Mwisho tunamshukuru dereva wa shirika, aliyekuja peke yake na lile shati jeupe, ambalo ndilo marehemu amevishwa, na safari hii hakuna atakayemvua.

Pumzika kwa amani, Fundi Waya, umetoka.