Pantaleo Mchopa, Fundi Mizani wa Mtaa wa Narung'ombe

Baba Paroko, wazee wetu, majirani wa Narung'ombe, na nyote mlioacha shughuli zenu siku ya kazi mkaja kumsindikiza ndugu yetu: poleni, na ahsanteni. Sisi wa familia tumeombwa tusimulie kwa kifupi maisha ya marehemu. Kwa kifupi itakuwa vigumu, maana mwenyewe hakuwa mtu wa kukatishwa maneno, lakini tutajitahidi. Na tutasoma yote, hata yale ambayo wengine wangependa yasisomwe hadharani, kwa sababu ndivyo alivyoagiza.

Marehemu Pantaleo Ignasi Mchopa alizaliwa tarehe 27 Julai 1936 katika kijiji cha Mwena, karibu na misheni ya Ndanda, wilaya ya Masasi. Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Ignasi Mchopa na Mama Fransiska, ambao wote wametangulia. Siku hiyo ni sikukuu ya Mtakatifu Pantaleo, kwa hiyo padre hakuhangaika kutafuta jina. Bibi yake lilimshinda kulitamka lote, akamwita Panta, na hilo Panta ndilo alilokuja nalo mjini.

Alisoma shule ya misheni Ndanda kuanzia mwaka 1944 hadi 1950, kisha akachukuliwa kwenye karakana ya misheni. Palikuwa na Bruda mmoja aliyetengeneza kila kitu, kuanzia kengele ya kanisa hadi mizani ya kupimia watoto wachanga. Siku moja Panta alitumwa kufagia tu. Kumbe kijana aliifungua mizani ya watoto aone kilichomo ndani, ikamshinda kuirudisha. Bruda hakumpiga. Alimwambia hatakula chakula cha mchana mpaka mizani iwe kama alivyoikuta. Marehemu alikuwa akisimulia kwa fahari kwamba alikula saa kumi na moja jioni, na ugali ulikuwa umepoa.

Aliingia Dar es Salaam mwezi Machi 1956, juu ya lori la korosho, akapata kazi katika karakana ya mizani karibu na Mtaa wa Msimbazi. Alifanya kazi hapo miaka kumi na miwili, na mwaka 1968 akaweka meza yake mwenyewe Kariakoo. Wakati ule ratli zilipoondoka na kilo zikaingia, ndiye aliyehangaika na mizani za watu, na ndiye aliyetukanwa na kina mama walioamini kilo imeletwa kuwaibia. Hasira alikuwa nazo, tusidanganyane. Mfanyabiashara akimjia kwa kunong'ona, "Fundi, hebu ilegeze kidogo," yeye alimjibu kwa sauti ya kusikika upande wa pili wa soko, "Unataka niilegeze vipi, bwana? Wateja wako wapunjike kiasi gani?" Mtu aliondoka hapo bila kuaga.

Sokoni hapo, mwaka 1959, ndipo alipokutana na Mrisho Sadalla, muuza vitunguu wa jumla, mzaliwa wa Gerezani. Mmoja Mkristo wa Kusini, mwingine Mwislamu wa Pwani. Mmoja Simba wa kufa, mwingine Yanga wa kuzikwa nayo. Walitukanana kila siku kwa miaka ishirini na mitano, na siku wasipotukanana wake zao walikuwa wakiulizana kuna nini.

Tarehe 8 Septemba 1962, siku ya Jumamosi, marehemu alifunga ndoa na Severa katika Parokia ya Msimbazi. Walijuana kwa ugomvi. Severa alinunua sukari kwenye duka moja, akaenda kuipima kwingine, ikapungua. Akaulizia ni nani aliyetengeneza mizani ya duka lile, akamfuata fundi karakanani na kifurushi mkononi. Marehemu alibisha, akatukana, halafu akaenda kuipima ile mizani mwenyewe. Yule dada alikuwa na haki. Kesho yake Panta alimpelekea sukari iliyopungua, kwenye karatasi. Severa akaipokea, akaitazama, akasema, "Na ya wiki iliyopita je?" Alikwenda kurudisha sukari mara nne, ya nne akaenda na mshenga.

Sasa tuje kwenye maradhi. Masika ya mwaka 1982 alianza kuchoka. Mtu aliyezoea kubeba sanduku la vyuma begani tangu Narung'ombe hadi Posta akawa anapumzika kila kona. Mwili ukamwasha bila kipele hata kimoja, macho yakageuka manjano. Mrisho alipoyaona alipiga makofi: "Alhamdulillahi! Leo umehamia kwetu Yanga, mpaka macho yamevaa jezi!" Walicheka wote wawili, kisha Mrisho huyohuyo akamshika mkono akampeleka hospitali.

Watu walisema ni gongo. Tunaomba lisikike leo: marehemu hakuonja pombe hata siku ya harusi yake. Daktari Benjamini alieleza kwamba aliwahi kuugua manjano zamani bila kujua, maradhi yakabaki ndani yakilila ini polepole, na sasa limekuwa gumu. Vidonge vingempunguzia adha tu. Cha kumponya kilikuwa kimoja, nacho ni kuwekewa ini la mtu mwingine aliyefariki, kazi iliyokuwa ikifanywa katika hospitali chache sana ulimwenguni. Daktari aliandika barua kwa hospitali moja Uingereza alikowahi kusoma. Novemba 1983 jibu likaja: jina la Pantaleo limeingizwa kwenye orodha, nafasi ikipatikana ataitwa. Huku nyumbani ajitunze asizidiwe, na habari za uzito wake zipelekwe kila mwezi. Basi akaanza kungoja.

Kungoja huko kulikuwa ni kazi, ndugu zangu. Ili asijikune akajichubua, Severa alimkata kucha mpaka kwenye nyama, akawa anamlaza na khanga iliyoloweshwa maji ya mtungini, maana sabuni yenyewe mnajua ilivyokuwa adimu. Mswaki wa mti ulimtoa damu kwenye fizi, akahamia kitambaa. Tumbo lilipojaa maji suruali zote zilimkataa, akaazima msuli wa Mrisho, na akaja nao kanisani. Mchana alisinzia, usiku akakesha. Kuna siku akili nayo iliingia ukungu. Daktari alimwambia Severa amwulize kila asubuhi jambo analolijua kuliko yote. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya chai, "Baba Angelina, nitajie mawe ya mizani." Naye: gramu hamsini, mia, mia mbili, nusu, kilo, mbili, tano, kumi, ishirini. Akiruka jiwe moja, Severa alijua siku hiyo asimwache peke yake, na dawa ya kumsafisha tumbo iletwe mapema. Akiyataja yote sawasawa alikuwa akinuna: "Mke wangu, unanifanya mtoto wa chekechea." Mke wake siku hizo alikuwa akienda uani kulia kwa furaha.

Chumvi ilikatazwa kabisa. Hapo ndipo palipokuwa na kazi, kwani kwetu mgonjwa hutazamwa kwa chakula, na chakula cha kuletwa hakirudishwi. Severa alipokea kila bakuli kwa mikono miwili, akawalisha watoto wa uani. Bi Zamda wa chumba cha mbele alipogundua hakununa. Kesho yake alileta maharage ya nazi yasiyo na chumvi hata chembe, akakaa kumtazama mgonjwa akila. Marehemu alimaliza sahani, akafuta mdomo. "Bi Zamda," akasema, "haya yamepikwa kwa upendo mtupu, maana kitu kingine sikukiona."

Na uzito. Kila Jumamosi asubuhi alipanda kwenye mizani kubwa ya Mrisho, ile ya kupimia magunia, aliyoitengeneza kwa mikono yake. Wachukuzi walipiga kelele, "Gunia la Ndanda hilo, jamani, lipisheni!" Uzito ukizidi, maana yake maji yameongezeka tumboni, na Daktari aliongeza vidonge. Ukipungua alivipunguza, maana vikizidi navyo vilimvuruga figo na akili. Mwezi wa Machi mwaka huu uzito ulizidi kila wiki. Kila Jumamosi alishuka pale mnyonge, akarudi nyumbani bila kutukana mtu.

Halafu Jumamosi ya tarehe 14 Aprili uzito ukapungua kilo mbili. Wiki iliyofuata jumla ikawa tatu. Tarehe 28, tano kamili. Pasaka ile aliimba kanisani mpaka kwaya ikageuka kumtazama. Alimwambia Severa atafute koti, Uingereza kuna baridi. Daktari, kwa kuiamini mizani ya fundi, alipunguza vidonge.

Tarehe 3 Mei alibebwa kupelekwa hospitali, pumzi haishuki. Daktari Benjamini alimpima akashangaa. "Mzee, ya kwako ilisema sitini na moja. Hii inasema sitini na saba. Mojawapo ni mwongo." Marehemu, amelala, tumbo kama ngoma, aliomba bisibisi aifungue mizani ya hospitali! Hakuna aliyempa. Walimtoa maji siku mbili, akapata nafuu, na alipotoka hakuja nyumbani kwanza. Alikwenda sokoni, akapitisha vidole nyuma ya lile jiwe linaloning'inia, akaikuta nati ya chuma imefungwa kwa uzi; jiwe hilo likizidi uzito, mizani husoma pungufu. Tangu Kariakoo iwe Kariakoo, watu huharibu mizani ili izidishe. Aliyeiharibu ili ipunguze ni mmoja tu.

Mrisho hakukana. "Kila Jumamosi ulikuwa unashuka hapa umekufa nusu, Panta. Nilitaka nikuone unacheka. Sikujua wanakupa dawa kwa kufuata hesabu ile. Wallahi sikujua."

Marehemu alimtazama, akaiweka nati mfukoni, akaondoka. Siku tisa hakumsemesha. Siku ya kumi alimwita nyumbani. Mrisho aliketi kwenye ukingo wa kitanda akaanza kulia. "Nimekuua, ndugu yangu."

"Usijipe cheo," marehemu akamjibu. "Ini ndilo linaloniua. Wewe umenipunguzia kilo tu." Kisha akasema kwa upole ambao wengi wetu hatukuwahi kuusikia kwake: "Pasaka ile niliimba, Mrisho. Sijawahi kuimba vile."

Tulimwuliza Daktari bila kumficha kitu. Alisema wiki zile tatu zilimtesa marehemu, hazikumwua. Ini lilikuwa limeshafika mwisho, na hata angepimwa sawasawa kila siku asingeongeza miezi mingi. Tulimweleza Mrisho hivyo. Alisema ahsante, na tuliona kwamba hakuamini.

Wito kutoka Uingereza haukuja. Alhamisi ya tarehe 14 Juni marehemu alitaja mawe yote bila kuruka hata moja, akamwita Severa na watoto. "Mrisho atasimama nje ya msiba wangu kama mgeni, namjua. Na watu watasema kaniua kwa nati. Yasomeni yote makaburini, wayasikie kwetu, wasiyaokote vichochoroni. Kisha mwandikeni mahali panapostahili." Akawatajia mahali penyewe, akataka asomewe walivyoandika, ahakikishe. Jumamosi alianza kutapika damu. Alifariki hospitali Jumapili, tarehe 17 Juni 1984, saa moja asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe, siku arobaini kabla ya kutimiza miaka arobaini na minane.

Ameacha mke, Severa. Ameacha watoto watatu, Angelina, Filbert na Eliasi, na wajukuu wawili. Ameacha ndugu watatu: dada yake Bibiana, aliyefika jana kutoka Ndanda, mdogo wake Hilari wa Nachingwea, na Mrisho Sadalla wa Kariakoo.

Kwetu, ndugu ndio wanaoanza kutia udongo. Mrisho, tangu Jumapili umesimama nje ya turubai na saumu yako, hukuketi, hukuingia. Tunaamini hata sasa upo nyuma ya watu wote. Umesikia ulipoandikwa, na si sisi tuliokuandika. Jamani, mpisheni apite. Bibiana na Hilari wamekwishashika udongo, na hatutaanza bila wewe.

Mwenyezi Mungu amjalie Pantaleo pumziko la amani. Amina.