Mchele Wenye Bibi Yake

Sogea karibu, na huo mlango usukume kidogo. Haya ninayokwambia hayatoki hapa. Apa. Apa tena, maana hiyo ya kwanza ulikuwa unacheka. Agnella muuza kahawa aliapishwa, akaapa kwa mtakatifu somo wake. Mimi aliponisimulia akaniapisha vilevile, na sijamwambia mtu, ila shemeji yangu, na jirani, na yule mama wa vitumbua ambaye hata hivyo sikio moja halisikii. Basi sikiliza.

Kijiwe chenyewe ni pale Ifakara, mbele ya mashine ya mpunga ya Osward. Benchi lake ni taruma la reli, na hakuna anayeuliza liliiachaje reli. Pumba zinapeperuka zinatua kwenye kikombe, unapuliza, unakunywa. Agnella anakaa kwenye kigoda na birika lake, anamimina, masikio yako wazi. Alasiri hiyo walikuwepo watatu. Osward mwenyewe, wanamwita Mtetemo, kwa kuwa anaongea kwa kelele hata mashine ikiwa imezimwa. Donati, wanamwita Wakili, kwa kuwa aliwahi kuwa shahidi wa kesi ya ng'ombe. Na Eustaki, dalali wa mchele, jina lake Bei ya Mwisho, kwa kuwa hajawahi kuitaja.

Eustaki alikuwa na shauri. Binti yake Levina amemaliza mwaka wa pili chuo kikuu, anasoma historia, na anasema akihitimu atafanya biashara. Jumatatu anatakiwa kupanda basi arudi chuoni. Baba mtu hataki. Anataka aache, aanze upya cheti cha uhasibu, na alikuja kijiweni wenzake wambariki.

— Mtoto anasoma mambo ya wafu, halafu anataka hela za walio hai, alisema Eustaki. Nyie mliona wapi?

— Hakuna, alisema Donati. Wahenga walishasema, samaki mkunje angali mbichi.

— Maana yake?

— Maana yake biashara ya samaki inataka haraka.

— Sisi tunaongea mchele, Wakili.

— Mchele unaliwa na nini?

Osward akagonga goti. Eustaki hakucheka.

— Remigius wa dada yangu kasoma fasihi. Leo yuko Kidatu anaendesha bodaboda, abiria akipanda anaambiwa safari ni taswira. Mimi shamba la Mofu nimeshaliuza kumsomesha huyu. Sina lingine la kuuzia taswira.

Hapo Agnella alimwonea huruma kweli, akamwongezea kahawa. Lakini moyoni siri ilikuwa inamwasha kama upupu. Maana juzi yake alipeleka vikombe nyuma ya mashine, akamkuta huyu huyu Eustaki amewasimamisha wanunuzi wawili wa Iringa, anawasimulia habari za kale za mbegu ya mpunga. Macho yamemtoka, mikono juu! Na hadithi yenyewe ilikuwa ya bibi yake Agnella, ile Agnella aliyomsimulia Levina likizo hii hii, yule mtoto alipokaa naye chini akamsikiliza mpaka mwisho bila kupiga miayo. Eustaki alipomwona akaruka. Akamvuta pembeni: "Shemeji, nakuomba. Nimeshawaambia wenzangu historia haina faida. Wakijua, nitahama mji." Ndipo akamwapisha.

Sasa anamsikia anatukana chungu anachokula.

— Mimi namjua mmoja, alinguruma Osward. Kasoma hiyo hiyo fasihi, akafungua duka Mang'ula, karibu na stesheni. Mteja akija kutaka chumvi, anaulizwa, "Chumvi hii inaashiria nini?" Mpaka ajibu, mboga imeungua. Duka lilikufa kabla chumvi haijaisha.

— Bora fasihi, alisema Donati. Historia ni vita tupu. Vita hivi, vita vile. Mtu wa hivyo ukimwomba akupunguzie, anaanza kuchimba handaki.

— Tena atauza mchele wa mwaka juzi, maana wa mwaka huu haujawa historia! alidakia Osward.

— Na siwafichi, matajiri wote walifeli historia. Ndiyo maana hawakumbuki walikotoka. Halafu kule chuoni, siku ya kwanza, wanafungiwa ukumbini wanakula kiapo wasitajirike.

— Acha kamba, Wakili!

— Nina ushahidi. Umewahi kumwona mwalimu wa historia ana gari jipya?

Kila mtu alimtafuta kichwani mwalimu wake wa zamani, akamkuta yuko juu ya baiskeli.

— Umeona? alisema Donati. Mficha uchi hazai.

— Hiyo nayo inaingiaje? aliuliza Agnella.

— Inaingia tu.

— Mbona mtoto mwenyewe likizo yote yuko ghalani kwa Devota, yule mama mfanyabiashara wa mchele, alisema Agnella huku akimtazama Eustaki machoni. Anapokea mzigo, anapanga, anawapigia wateja simu. Hajifunzi biashara huyo?

— Kubeba magunia kwa Devota ndiyo biashara? Eustaki aliinamia kikombe chake. Historia haijawahi kuuza hata kisado.

— Haijawahi, baba Levina?

— Haijawahi.

— Hata juzi?

— Shemeji, kahawa yako leo ina pumba nyingi!

Agnella akauma ulimi. Kiapo ni kiapo.

Mara Levina mwenyewe akatokea, anatoka ghalani, vumbi la mchele mpaka kwenye kope.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanahistoria, alisema Donati. Tunakuzika hapa.

— Nisubirini basi nioge kwanza. Akacheka, akakaa ukingoni mwa taruma karibu na Agnella. Baba, umeshaamua?

— Wazee wanaamua.

— Wazee wangu, uhasibu nauchukua chuoni, somo moja pembeni, na mwakani naongeza lingine. Mama Devota ananifundisha kununua. Lakini kumkalisha mtu chini, umuulize, umsikilize, ujue lipi la kweli na lipi ni la kunogesha, hilo ndilo nasomea. Mteja naye ni mtu.

— Mteja ni hela, alisema Eustaki.

— Haya, baba.

Alisema hivyo kwa upole, akainamisha kichwa. Agnella aliona mkono wa mtoto unavyokwangua vumbi kwenye kanga, unakwangua tu, pale pale.

Hapo ndipo lilipoingia gari la mizigo, akashuka mama mmoja mwenye miwani ya jua kichwani. Akasalimia vizuri, akajitaja: Rosa, ana migahawa Dodoma, anatafuta mchele wa kupeleka kila mwezi. Kila mwezi! Eustaki alikuwa ameshasimama kabla neno halijaisha, sahani ya mchele mkononi. Rosa akatia punje mdomoni, akavunja kwa jino, akasikiliza inavyolia.

— Umekauka vizuri, alisema. Lakini nimetoka pale ng'ambo ya barabara. Bei ni moja, weupe mmoja, na wenyewe umekauka. Sasa niambieni, kwa nini nichukue huu?

Swali ndilo hilo tu. Osward akapiga kelele kwamba mashine yake ina nguvu.

— Ya kule nayo inavuma, alisema Rosa.

— Mama, chema chajiuza, alisema Donati.

— Basi kijiuze, mimi niondoke.

Akageuka. Hatua moja, mbili kuelekea garini. Eustaki akatazama mgongo wake, akawatazama wenzake, akamtazama Agnella kwa macho ya kuomba. Halafu dalali akamshinda mzazi.

— Mama! Mchele huu una bibi yake!

Rosa akasimama.

— Una nini?

— Una bibi. Unaitwa Nisubiri. Zamani, mama, maji yamejaa mto Kilombero, bibi mmoja anatoka upande wa Mahenge anavuka na mtumbwi, mbegu kaifunga kwenye pindo la nguo. Katikati ya mto mtumbwi unaanza kuzama! Eustaki alishasahau walipo, mikono juu, sahani inayumba. Mpiga kasia anasema, tupeni mizigo! Bibi akatupa chungu. Maji yanaingia. Akatupa mchi. Maji yanaingia! Akachukua kigoda cha mumewe, akatupa! Mbegu kaikumbatia. Maji bado yanaingia, mama, na bibi… bibi aka…

Akakwama. Akapapasa hewani. Kisha, kama alivyozoea nyumbani usiku, akageuza shingo:

— Levina, baada ya kigoda alitupa nini vile?

Loo! Hata mashine ningesema ilizima, kama isingekuwa imezimwa tangu mchana. Osward kikombe kimeganda mdomoni. Donati kasimama wima kama mahakamani. Agnella kajifunika uso kwa kanga, mabega yanaruka.

— Hakutupa kitu, baba, alisema Levina, sauti inatetemeka kwa kicheko. Alimtazama mumewe. Mumewe akaruka mwenyewe, akaogelea.

Rosa alicheka mpaka miwani ikaanguka.

— Kisha alipofika ng'ambo, Levina aliendelea, mume akauliza, hicho ulichokithamini kuliko kigoda changu ni kitu gani? Akamwambia, nisubiri kiive. Bibi huyo ndiye bibi wa huyu mama anayewamiminia kahawa. Mbegu inachelewa kuiva, ndiyo maana wengi waliiacha, na ndiyo maana ng'ambo ya barabara hawana.

— Ni kweli, mama? Rosa alimgeukia Agnella.

— Kweli tupu. Ila babu hakuruka. Alisukumwa.

— Nauchukua, alisema Rosa huku akifuta machozi. Wateja wangu watasimuliwa haya mezani. Akamgeukia Eustaki, aliyesimama bado mkono mmoja juu. Lakini baba, wewe unajua kusimulia hivi. Historia umesomea wapi?

Osward akatazama mashine. Donati, mwenye methali kwa kila jambo, akajitia kupuliza pumba kikombeni. Agnella akainamisha birika, halikutoa tone.

— Baba, aliuliza Levina, Jumatatu nipande basi gani?

Eustaki akashusha ule mkono polepole, punje za mchele zinamwagika viatuni, macho ya kijiwe kizima yanazihesabu.

— La chuoni, alisema. Kamalizie. Na kabla hujaondoka unisimulie upya ile ya mume, inaonekana nilisinzia.