Mkono Wangu Haukukatikia Nyumbani

Walisema sitashika kalamu tena. Walisema Mkasai aliyefukuzwa Likasi harudi Likasi, na akirudi, hapati wa kumsemea. Walisema kiwanda hakimlipi mtu aliyekwisha kutupwa nje. Ndugu zangu, sifa zote ni za Bwana! Tazameni aliyesimama mbele yenu. Mimi ni Kabeya, mwenye Diploma ya Serikali, cheti cha kumaliza sekondari, na mtihani wake niliuandika kwa mkono wa kushoto. Nionyesheni mwingine katika mji huu!

Lakini msipige makofi bado. Njia niliyopita ilikuwa giza tupu.

Nilikuwa mfanyakazi kwenye mkanda unaopeleka mawe ya shaba katika mashine ya kuponda. Ninyi wa zamani mnakumbuka: mwezi ukipita bila ajali, kila mtu wa kikosi aliongezewa mfuko wa unga juu ya posho yake. Zamani ilikuwa zawadi. Mambo yalipoharibika, mishahara ikakwama na maduka yakabaki matupu, mfuko ule ndio ulikuwa uhai wetu. Basi kikosi kikajifunza kutoumia. Aliyevunjika kidole alikificha. Aliyeumia vibaya alibebwa kwanza hadi nyumbani kwake, ndipo akapelekwa hospitali, na wote walisema: ameanguka kwake.

Siku mkanda uliponivuta mkono wa kuume, wenzangu walinifanyia hivyo hivyo. Kapita wetu, msimamizi wa kikosi, Papa Mumba, ndiye aliyezima mashine. Nilipozinduka hospitalini mkono haukuwapo, na kila mtu alikwisha kusema kwamba nilianguka kutoka juu ya paa nikigongelea mabati. Papa Mumba aliniinamia sikioni.

"Papa Kabeya, weye iko muntu mukubwa. Nyamaza tu. Batoto ya bantu beko nangojea bunga."

Nilinyamaza. Mwisho wa mwezi wake za kikosi walikuja kwetu mmoja mmoja, kila mmoja na bakuli la unga, wakamkabidhi mke wangu, Mama Ngalula, kwa sauti ya chini kama watu waliokuja msibani. Unga ule ulikwisha upesi. Kiwanda kikaniaga kama mgonjwa asiyefaa, bila kitu, kwa sababu eti niliumia kwangu.

Kisha ikaja ile miezi ambayo sisi wenye asili ya Kasai tulitolewa na wenyeji katika nyumba zetu, hata tuliozaliwa hapa hapa. Tulilala nje kwenye stesheni tukingoja treni. Mtoto wetu wa mwisho, Mbuyi, akashikwa na kuhara, akatutoka pale. Tulimzika karibu na reli. Ndugu zangu, sikuweza kushika jembe! Watu nisiowajua walimchimbia mwanangu kaburi, mimi nimesimama kando na kisiki changu. Nilimwuliza Mungu: huu mkono mmoja ulinibakizia wa nini? Sikusikia jibu. Sitawadanganya, niliacha kusali.

Huko Kasai nilijifunza kuandika upya, kwa kijiti, juu ya udongo, kama mtoto wa darasa la kwanza. Watu walipita wakicheka: "Papa, unachora kuku au unachora jogoo?" Wacheke! Niliingia mtihani wa Serikali pamoja na vijana wa umri wa wanangu, nikashinda, na wengi wao wakaanguka. Nikaanza kuwaandikia watu barua. Wakili mmoja niliyemnakilia kazi zake akaniazima kitabu cha sheria ya kazi, na humo nikaona nilichonyang'anywa.

Sikilizeni, maana wengi wenu hamjui, nami sikujua. Mwajiri anachangia bima kwa ajili ya watu wake. Ukiumia kazini, au njiani kwenda kazini, bima inalipa hospitali. Inakupa kitu siku usizoweza kufanya kazi. Ukibaki kilema, inakulipa rente, yaani pensheni ya ulemavu, na ukifa kwa ajali ile, mjane na yatima wako wana fungu lao. Si huruma ya bwana mkubwa! Ni haki yako. Lakini bima haimjui mtu aliyeanguka juu ya paa lake.

Fujo zilipotulia, nikarudi Likasi na Mama Ngalula. Hatukuwa na kitu. Majirani walituazima unga, bakuli kwa bakuli. Katika ofisi ya bima mkaguzi aliitazama diploma yangu, akasema: "Papa, ni nzuri. Lakini hospitali iliambiwa paa. Niletee aliyeona mashine."

Nani? Wengine wa kikosi walikwenda na treni, wengine wamekufa. Alibaki Papa Mumba peke yake, angali kapita, angali anangojea mishahara yake ya nyuma. Nilikwenda kwake na diploma. Nikamsomea sheria kwa Kifaransa, tena Kifaransa kizuri. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Papa, makuta yangu iko kule ndani. Bakinifukuza, nitakula sheria yako?"

Makuta yake, pesa zile za mishahara ya nyuma, zilikuwa bado mikononi mwa kiwanda. Mke wake, Mama Chola, akaleta bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo. Papa Mumba akashika jagi kuninawisha kama mgeni. Nikatoa mkono wa kushoto. Akaumwagia maji, kisha kwa mazoea akangoja wa pili, jagi limeinama, maji yanamwagika chini. Sahani ikawekwa katikati. Nani kwenu hutia mkono wa kushoto katika sahani ya watu? Nikasema: "Kuleni, mimi nimeshiba." Sikuwa nimekula tangu jana yake. Papa Mumba alirudisha tonge lake sahanini.

Nilimwambia Mama Ngalula: tumekwisha. Yeye alipiga magoti. Mimi nilikaa tu, sikuwa na sala hata moja.

Asubuhi Papa Mumba alikuwa mlangoni petu, amevaa koti lake la Jumapili. Tulitembea hadi ofisini. Mbele ya mkaguzi alisema: "Hakuanguka ku nyumba. Mukono yake ilibaki ku mashine, na minye ndiye nilizima mashine. Ile bunga nilikula. Batoto bangu balikula."

Bwana alinijibu, ndugu zangu, kwa kinywa cha mtu aliyeninyamazisha! Kiwanda kilimwondoa, leo anachimba mawe kwa mikono machimboni Kamatanda. Mkono wangu ukaandikwa ajali ya kazi, na rente yangu ikakubaliwa.

Basi mtegemeeni Mungu, lakini msimfunge mdomo kwa kunyamaza. Ukiumia kazini, sema umeumia kazini, siku ile ile, mbele ya mashahidi, na kikosi kisikubebe nyumbani. Asiyejua pa kuanzia aje kwangu. Nitamwandikia, na simtozi kitu.

Malimbikizo ya rente yangu yalikawia sana, na miaka ile pesa zilikuwa zikioza kama nyanya juani. Siku nilipozipokea, malipo ya mkono wangu kwa miaka yote ile, yalinunua mfuko mmoja wa unga. Mmoja! Kama ule ule wa kikosi.

Tuliubeba nyumba kwa nyumba. Kila aliyetuazima alirudishiwa bakuli lake, limejaa mpaka juu. La mwisho lilikuwa la Mama Chola. Alishangaa: "Papa, minye sikukukopesha kitu." Nikamwambia: "Nilikula kwenu, mama, siku ile ambayo sikula." Akalipokea kwa mikono miwili.

Nilikung'uta mfuko kwa mkono wangu wa kushoto, haukutoa kitu. Sidaiwi na mtu Likasi! Jioni ile Mama Ngalula alibandika maji ya bukari motoni kwa mazoea, akayatazama yakichemka, kisha akayaipua.