Thavamani na Jua Lililochelewa

Ndugu waombolezaji, majirani zetu wa Kvitvær, na nyote mlioingia ukumbini humu leo, Jumatano tarehe 17 Januari 2024, mkiwa bado na theluji mabegani, familia imeniomba mimi Sathasivam, mdogo wake mzee Rajadurai, niwasomee maisha ya shemeji yangu Thavamani, nami nimekubali huku nikijua fika kwamba angekuwa amekaa hapo mbele angenikatiza kabla sijamaliza ukurasa wa kwanza. Nitasoma kwa Kitamili, kisha binti yake Vasanthi atasoma kwa Kinorwe, na ameniahidi hataruka mahali pa kucheka, kwa sababu marehemu hakupenda msiba wa kununa.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1960 kijijini Karaveddy, katika rasi ya Jaffna, kaskazini mwa Sri Lanka, akiwa mtoto wa nne wa mzee Murugesu, mkulima wa vitunguu na tumbaku, na mama Sinnammah, ambao wote wameshatangulia. Alianza shule ya wasichana ya pale kijijini Januari 1966 na kumaliza Desemba 1976, hodari wa hesabu na mbishi kwa walimu, lakini kazi aliyoisimulia kuliko masomo yote ni ile aliyopewa nyumbani tangu utotoni, ya kukilinda chungu asubuhi ya Pongal, siku ile ya katikati ya Januari ambayo sisi Watamili tunalishukuru jua kwa mavuno, tunapochemsha uani maziwa na mchele mpya na choroko na sukari guru, tukielekea mashariki, ili jua likichomoza maziwa yapande na kumwagika mbele yake. Baba yake hakutumia saa, alitazama mbingu tu, akiona wekundu anasema, "Haya Thavam, washa," binti akawasha, na kwa alivyotuambia mwenyewe, jua na maziwa havikupishana hata mwaka mmoja.

Alifunga ndoa na kaka yangu Rajadurai tarehe 30 Agosti 1984, vita ikiwa imeshaingia mpaka mashambani, na mwaka 1986 kaka alitangulia kuja Norwe kutafuta usalama, akapata kazi katika kiwanda cha samaki hapa Kvitvær, juu kabisa ya ramani, mahali ambapo hata Wanorwe wa kusini walikuwa wanatushangaa. Kutoka hapa alimwandikia mkewe mambo mengi, aliandika kuhusu baridi, kuhusu mabuti, kuhusu nguo za ndani za sufu ambazo zinawasha mwanzoni halafu huwezi kuziacha, kuhusu upepo unaomrudisha mtu alikotoka, lakini habari ya giza la huku, la miezi miwili bila jua kuchomoza, hakuigusa, kwa kuwa aliogopa mkewe asije. Marehemu aliwasili tarehe 16 Novemba 1988, akaliona jua mara chache, jekundu na la chini, likichungulia baharini saa sita mchana, kisha hakuliona tena.

Alivumilia kidogo, akadhani ni mawingu, halafu akamwuliza mumewe, ambaye marehemu, kwa heshima za kwetu, hakumtaja jina maisha yake yote, "Hebu niambie wewe, jua la huku linachomoza upande gani?" Kaka yangu, akiwa amesimama na kikombe cha chai, akamjibu, "Lipo, limechelewa tu." "Limechelewa mpaka lini?" "Mpaka Januari," akasema kaka, akaondoka kwenda kiwandani kabla ya zamu yake kuanza. Neno hilo marehemu alimtania nalo mpaka mwisho, watoto walipouliza baba yuko wapi aliwajibu yupo, amechelewa tu, na kaka alipotafuta nywele zake mbele ya kioo aliambiwa hivyo hivyo.

Lakini majira yale ya kwanza hayakuwa ya utani, na ni haki yasemwe leo. Shemeji yangu, mwanamke aliyekuwa na kelele za nyumba nzima, aliacha kupika, akaacha kuchana nywele, akawa analala na kuamka bila kujua ni asubuhi au jioni, mapazia yamefungwa, na ilipofika Desemba alipanga nguo zake kwenye begi akaliweka mlangoni, akasema Pongal ikipita bila jua atarudi Jaffna, vita au hakuna vita, kwa sababu afadhali afie penye mwanga. Kaka alijua kwamba hasemi kwa hasira. Mimi nilikuwa nakaa nao katika nyumba ile ya kiwanda, nikawa naliruka lile begi kila nikienda kazini, na hakuna kati yetu aliyethubutu kulisogeza.

Tarehe 14 Januari 1989 sisi vijana wa Kitamili wa kiwandani, pamoja na mzee Arumugam aliyekuwa mkubwa wetu na mtunza kalenda, tulikusanyika jikoni kwao, tukageuza jiko lielekee dirishani, tukawasha taa zote za nyumba, maziwa yakapanda, yakamwagika, tukashangilia. Thavamani alitoka chumbani akatuangalia, akaiangalia taa ya juu, akasema, "Kwa hiyo tunamshukuru nani, fundi umeme?" Hakula hata kijiko, akarudi chumbani, na jioni ile kaka yangu alilia, na hapendi niliseme hili ila ameniruhusu.

Aliyekuja kubadilisha mambo yumo humu ndani, naye ni Bi. Gunnvor, wakati huo msimamizi wa chumba cha minofu kiwandani na jirani wa ghorofa ya chini, ambaye alipanda ngazi kuuliza kwa nini yule mgeni haonekani, akalikuta begi, akalielewa bila kuelezwa. Hawakuwa na lugha ya pamoja. Gunnvor alifungua pazia, akapumulia kioo mpaka kikapata ukungu, akachora duara, akaonyesha kilima chenye tangi la maji, kisha akaweka kidole juu ya kalenda, Ijumaa tarehe 20. Thavamani akageuka akamwambia mumewe, "Huyu mama anasema linakuja Ijumaa. Lete jiko dogo la gesi, lete na mchele." Kaka akasema, "Umerukwa na akili, kule juu kuna upepo." Akajibiwa, "Kwani huku nilikuja kwa akili?"

Ijumaa hiyo mji mzima ulikuwa kilimani kama desturi ya hapa, watoto wa shule wakila maandazi yao ya siku ya jua, yale yenye jemu ndani, na katikati yao mwanamke mmoja amevaa sari juu ya suruali mbili, amepiga magoti kwenye theluji akihangaika na kiberiti. Jua lilitoa ukingo wake baharini, watu wakapiga makofi, likazama, na maziwa yalikuwa hayajapata hata uvuguvugu. Tulishuka, kaka yangu akiwa na hakika kwamba begi linaondoka kesho yake, lakini alipofika mlangoni marehemu alilipita begi, akasema jua la huku ni la haraka, siyo la kusubiriwa na sufuria baridi. Siku ya pili kulikuwa na mawingu. Siku ya tatu alichemshia jikoni kwanza, akaifunga sufuria ya moto kwa blanketi na koti la mumewe, kaka akapanda kilima na sweta akitetemeka meno, Gunnvor akasimama upande wa upepo na mwili wake wote mkubwa, jua likatoka, na maziwa yakapanda, yakamwagika juu ya theluji upande wa bahari. Thavamani aligawa kijiko kwa kila aliyekuwepo, akarudi nyumbani, akatoa nguo kwenye begi na kuzipanga kabatini.

Tangu hapo kukawa na ubishi, maana Watamili hatukosi ubishi. Mzee Arumugam, Mungu amrehemu, alikuja kumwambia kwamba sikukuu ina tarehe yake tangu enzi za mababu na haihamishwi na mtu. "Sijaihamisha, mzee," akasema marehemu, akimmiminia chai, "mimi namsubiri mwenye sikukuu yake." Tukawa na Pongal mbili, ya kalenda na ya kilimani, na kaka yangu kwa kulinda amani akala zote mbili kila mwaka, na matokeo yake mnayaona hapo mbele.

Marehemu aliajiriwa kiwandani tarehe 6 Machi 1989, akakata minofu chini ya Gunnvor mpaka kiwanda kilipofungwa Juni 2008, kisha akahamia jikoni katika nyumba ya wazee ya hapa mjini, ambako aliingiza pilipili kwenye supu ya samaki kidogo kidogo, wazee wasishtuke, hadi ikawa akienda likizo wanalalamika supu haina ladha, na alistaafu Mei 2022. Mungu aliwajalia watoto wawili, Vasanthi aliyezaliwa tarehe 2 Juni 1990, jua likiwa halizami kabisa, na Kugan aliyezaliwa tarehe 11 Februari 1993, na wote aliwalea kwa kijiko cha mafuta ya ini la samaki kila asubuhi, kikifuatiwa na achari ya embe ili wasiteme.

Mwishoni mwa miaka ya tisini familia za Kitamili ziliondoka moja baada ya nyingine kwenda Oslo, penye maduka yetu na mahekalu, kaka naye akataka kuhama, hata nyumba alishaiona, lakini yule yule aliyeweka begi mlangoni ndiye aliyekataa. "Oslo jua haliondoki," alisema, "basi watu wa huko hawajui kulipokea." Sisi tulikasirika, nasema kweli, ila tulikaa.

Alikaa akawa mtu wa kugonga milango. Kila aliyehamia mji huu, awe ametoka Syria, Thailand, Eritrea au kusini mwa nchi hii hii, giza likianza alimkuta Thavamani mlangoni saa sita mchana, saa ambayo mbingu huwa na rangi kidogo, amebeba soksi za sufu. "Vaa, tunatoka," anasema. "Tunakwenda wapi?" "Hatuendi mahali. Tunatoka." Aliwafundisha sufu iguse ngozi, taa ikae dirishani, mapazia yawe wazi, mchana mtu asilale, na aliwaambia bila kuficha kwamba majira haya hayazoeleki, yanapitwa tu, na mtu hayapiti peke yake.

Oktoba 2022 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa hospitali ya mkoa mpaka Novemba mwaka jana, ambapo yeye mwenyewe aliomba arudishwe kituo cha afya cha hapa, kitanda kikawekwa kwenye dirisha la kusini. Kila mchana aliuliza, "Limefika?" na kaka akamjibu bado. Mara hii alitaka kuliona, hilo alilisema wazi, na tulikuwa tunahesabu naye. Alifariki Jumanne tarehe 9 Januari 2024, mchana, mbingu ikiwa na ule wekundu ambao baba yake angesema washa.

Kilichomsumbua kuliko kifo kilikuwa desturi yetu wenyewe, kwamba nyumba yenye msiba haichemshi Pongal mwaka mzima, na safari hii yupo Bi. Senait, aliyekuja Oktoba kutoka Eritrea, ambaye naye ana begi mlangoni na alikuwa ameahidiwa kilima. Tulipokuwa tunajadiliana jambo hili ndani, Bi. Gunnvor, ambaye ana miaka themanini na mitatu na goti la bandia, alisema, "Msiba ni wenu na desturi ni yenu, mimi hainikatazi. Nipeni sufuria." Amepewa. Jumamosi hii, tarehe 20, atachemshia kwake chini, Senait atapanda na sufuria iliyofungwa kwa koti la kaka yangu, lile lile, na sisi wafiwa tutasimama chini barabarani kama inavyotupasa, tutazame.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia na kumvumilia, wafanyakazi wenzake wa kiwandani na wa nyumba ya wazee, majirani waliosafisha theluji mlangoni kwetu tangu siku ya kwanza ya msiba bila kuombwa, walimu na watoto wa shule, na kila mmoja aliyewahi kufunguliwa pazia na marehemu. Mzee Rajadurai alitaka kusema neno la mwisho kwa mdomo wake, lakini leo sauti imemgomea, amenipa mimi nimsemee, nami nalisoma kama alivyolisema asubuhi hii, akimtaja mkewe jina. Pumzika kwa amani, Thavamani, wala usihangaike na dirisha. Lipo, limechelewa tu.