Pikipiki Iliyogoma Kwenda Mwamapalala

Kijiwe chetu Bariadi kimeegemea ghala la mnunuzi wa pamba, mmoja wa hawa walioletwa na soko huria. Kazi yetu ni kahawa na kujua kila kitu. Asubuhi ile dereva wa ofisi alileta pikipiki mpya ya chanjo, akaiegesha, akamkabidhi Athanasi muuguzi funguo, akaenda zake. Athanasi akafunga boksi la barafu nyuma, akapanda, akabonyeza kitufe. Ikawaka. Bila kupiga kiki, jamani, mimi kahawa ilinipalia. Lakini kila akiingiza gia, inazima. Mara nne sasa. Na kina mama wa Mwamapalala walishapanga foleni na watoto, na barafu haimsubiri mtu.

— Ina akili kuliko karani wa kata, alisema Josia, tunayemwita Redio. Imemsoma Athanasi, imeona si mwenyewe.

— Imemsoma na nini?

— Hiyo taa ya kijani. Ni jicho.

— Redio, kunywa kahawa.

— Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hii imeshushwa juzi. Inadai jembe lake.

Mboje fundi baiskeli, Injinia wetu, alishainama na koleo.

— Jembe la nini. Wajapani wameifundisha kuzijua barabara. Imepima makorongo ya Mwamapalala toka hapa hapa, imekataa.

— Toka hapa?

— Kwa waya. Ona huu unaoshuka chini. Niukate?

— Kata, alisema Sayi Chechemea. Sayi alivunjika mguu kwenye kona moja kule Nyashimo, mbuzi alimkatiza, na hapendi chombo kinachojiamulia. Pikipiki yangu ya zamani haikuwa na makuu, aliendelea. Ukisema twende, inaenda.

— Injinia, una hakika? Athanasi aliuliza. Boksi lilishaanza kudondosha maji.

— Nikikata itakuwa mjinga kama zingine. Itaenda.

Hapo akatokea upande wa ghala Nyanjige, muuza maziwa, kibuyu kichwani.

— Mwangaluka, alitusalimia Kisukuma.

— Mwangaluka, mayu, tulimwitikia mama huyo.

— Athanasi, mjukuu wangu yuko kwenye foleni yako. Hutoki?

— Imegoma, mayu.

— Ninyi, ng'ombe mnamwambia aende angali na kamba ya kukamulia miguuni? Huo mguu wa chuma mbona uko chini?

Tukazunguka upande wake, wote. Stendi. Pikipiki ya zamani ya Athanasi ilikuwa na springi, ukiinyanyua tu, stendi inajikunja yenyewe, na ndivyo alivyozoea. Akaisukuma hii kwa kisigino, akawasha, akaingiza gia. Ikaenda, tena kwa upole. Na ule waya wa Mboje ulikuwa umeshuka mpaka pale pale kwenye stendi, ndio uliokuwa ukizima injini stendi ikiwa bado chini.

— Kumbe ilikuwa inajua, Redio alinong'ona. Sijawahi kumsikia akinong'ona.

Nasi tulisimama tunatazama vumbi lake mpaka likaisha, nami sioni aibu kusema nywele zilinisimama. Sayi peke yake alikuwa amekaa, anasugua goti.

— Siku ile Nyashimo stendi yangu ilikuwa chini, alisema. Springi ilikatika. Nikalala kona ya kushoto, ikakita ardhini.

— Si ulisema ni mbuzi?

— Hapakuwa na mbuzi.

Akalitazama koleo mkononi mwa Mboje.

— Injinia, ile yangu ingekuwa na huo waya, si ningekwambia uukate?

Mboje alilitia koleo mfukoni.