Mboga Iliyogoma Kumezwa

Jumanne ya tarehe tisa mwezi wa tatu, saa kumi na robo alasiri, mke wa Fundi Saa alifariki dunia. Fundi aliijua dakika yenyewe kwa sababu ndiyo kazi yake, na kwa sababu wakati ule hakuwa na pa kutazama isipokuwa ukutani. Wiki saba baadaye alikuwa bado akifungua kibanda chake, kidogo kama kabati, kilichobanwa kati ya duka la dawa na ukuta wa shule, na kazi ikipungua alitoka nje kukaa benchini na watu walewale. Alikuwepo Breki, aliyeendesha lori mpaka macho yakamkatalia. Alikuwepo Gazeti, mshona viatu, aliyesoma kila karatasi iliyofungia kiatu cha mteja na kuiamini. Na alikuwepo Katibu, karani mstaafu, ambaye hawezi kuomba hata kiberiti bila kuanza na "kwanza kabisa". Watatu hao walikuwa na ujuzi wa kila jambo duniani, ila lile waliloulizwa. Alhamisi hiyo, muuza kahawa alipokuwa anawamiminia kikombe cha kwanza, Fundi alitoka kibandani na bakuli lenye mfuniko.

— Umeanza kutembeza chakula? — Breki akauliza.

— Majani ya maboga. Onjeni, halafu mniambie nimekosea wapi.

Breki alichota kwa vidole, akatia mdomoni, akatafuna. Akatafuna tena. Akatafuna kwa muda ambao mtu angeweza kubadilisha tairi. Kisha akaingiza kidole na kuvuta kutoka kwenye jino kitu kirefu cha kijani.

— Fundi, hii mboga au katani? Kwa hii naweza kufunga turubai la lori.

— Nimepika mara tatu. Zote zimetoka hivyo.

— Na mtoto kala?

— Kala matonge mawili. Akasukuma sahani, akasema asante baba.

Ile asante ndiyo iliyomkaa Fundi kooni. Binti yake alikuwa na miaka kumi, na tangu mazishi hakuwa amemaliza sahani ya chakula. Sketi ya shule aliishikilia kwa pini. Alipoulizwa anatamani nini, alitaja kitu kimoja tu: majani ya maboga kama ya mama. Na kesho mama mkubwa wake, dada wa marehemu, angefika kwa basi la asubuhi. Huyo alikwisha sema kwenye simu bila kuzunguka: "Shemeji, nikikuta mtoto bado anakonda, naondoka naye. Mtoto halelewi kwa mkate wa dukani." Yale maboga nyuma ya nyumba marehemu aliyapanda mwenyewe, mvua zilipoanza, kando ya nyanya na mchicha. Sasa mvua zilikuwa zinakatika, na majani ya chini yalikwisha geuka manjano. Mabichi yaliyobaki yangetosha sufuria moja tu.

— Kwanza kabisa, — akasema Katibu, — uliyachuma saa ngapi?

— Asubuhi.

— Basi tumefika. Jani la asubuhi limejaa umande. Ndiyo maana wakasema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

— Mgema anaingiaje kwenye maboga?

— Anaingia kwa upande wa maji.

— Achana na huyo, — Gazeti akasema. — Kosa liko kwenye kitunguu. Ulipokikata ulilia?

— Kidogo.

— Kidogo haitoshi. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Kitunguu kinataka mtu alie nacho mpaka mwisho, ndipo kinalainisha vilivyomo.

Fundi aliugeuza mfuniko mkononi. Kwa upande wa machozi, hakuna aliyeweza kumwambia kwamba amebania.

Breki aliweka kikombe chini, ishara kwamba sasa wanaojua watazungumza.

— Nyie hamjui kitu. Sufuria ni injini. Jani ukilitia injini ikiwa baridi, linakaza. Na mlimani hupandi na gia kubwa. Uliacha motoni dakika ngapi?

— Mara ya kwanza kumi. Ya pili arobaini. Ya tatu saa nzima na nusu.

— Ulipima kwa saa gani?

— Ile yangu ya ukutani.

— Huenda inachelewa.

Walicheka wote, hata muuza kahawa, ambaye kwa kawaida huchekea vikombe vilivyolipiwa tu.

— Lakini tuseme ukweli, — akasema Gazeti. — Hii nayo ni kazi ya kumshinda mtu mzima? Maji, chumvi, nyanya mbili, moto. Mke wangu anapika huku anagombana na jirani, na mboga inaiva. Ingekuwa kazi ngumu wangepewa wanaume.

— Wewe umeshawahi kupika?

— Mimi? Simba hali majani.

— Simba gani anashona kandambili, — Katibu akasema.

Gazeti aliimeza hiyo pamoja na kahawa. Aliporudi, alirudi na silaha kubwa.

— Sikilizeni. Mimea ina masikio. Nimelisoma hilo. Ule mmea umesikia kilio cha msibani wiki nzima, na mmea ukisikia kilio unakaza majani, kama mtu anavyokaza moyo.

— Umelisoma wapi?

— Kwenye karatasi iliyofungia buti la askari.

— Ikaendelea kusemaje?

— Hapo ilikuwa imechanika.

— Mimi nasema ni kisu, — Katibu akasema. — Kwanza kabisa, chuma na jani ni maadui wa kale. Pili, jani lapaswa kuchumwa ukiwa umeligeuzia jua mgongo, ili lisijue nani kalichuma. Likikujua, linakuwekea kinyongo.

— Na tabia pia, — Breki akadakia. — Boga linatambaa. Linatoka kwako, linapanda ukuta, linakwenda kuzaa kwa jirani. Wahenga hawakuwa wajinga: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mboga isiyotulia nyumbani itawezaje kutulia tumboni?

Fundi alimtazama mmoja baada ya mwingine. Kwa miaka mingi alikuwa ameyaonea fahari mazungumzo ya benchi hili. Nyumbani aliyasimulia kama mtu aliyetoka bungeni. Leo aliyasikia kama debe lililotiwa kokoto tatu, na akaona aibu kwamba ya nne alikuwa yeye.

— Dawa ni moja, — Breki akasema. — Oa.

— Wiki saba, Breki.

— Nimesema oa, sijasema leo. Sufuria ina mkono wake. Mkono ukiondoka, tafuta mwingine, la sivyo mtoto atabebwa kesho ukiwa unamtazama.

Fundi alimwomba Mungu kimoyomoyo amshikie ulimi. Akafunika bakuli.

Alikuwa bado amelishika alipokuja mama mmoja wasiyemfahamu, mwenye saa kubwa ya ukutani kwapani na kiatu kimoja kilichoanza kuachama.

— Habari zenu. Nimeambiwa hapa kuna fundi wa saa.

— Ndiye mimi, mama. Karibu.

— Mama, ungetusubiri kidogo, — Katibu akasema. — Kwanza kabisa, hapa tuko kwenye jambo zito la wanaume.

— Jambo gani?

— Mboga, — akasema Breki, kwa sauti ya mtu anayetangaza vita.

Yule mama alitazama bakuli. Akamwomba Fundi kwa macho, Fundi akafunua. Akainua jani moja kwa ncha ya vidole, likaning'inia na mikia yake.

— Nyuzi mlitoa?

Breki alimtazama Gazeti, Gazeti akamtazama Katibu, Katibu akatazama ndani ya kikombe chake.

— Nyuzi zipi? — Katibu hatimaye akauliza, na kwa mara ya kwanza mwaka huo neno lake la kuanzia halikutokea.

Yule mama hakucheka. Angecheka ingekuwa nafuu.

— Baba, una miaka mingapi?

— Sitini na minne, — Katibu akasema.

— Na majani ya maboga umeyala tangu lini?

— Tangu nilipoota meno.

— Haya. — Alimgeukia Fundi, kwa kuwa aliona ndiye pekee aliyekuwa anauliza kweli. — Unashika kikonyo, unavunja ncha, halafu unavuta kushuka chini polepole. Ngozi inatoka na uzi wake, na ile miiba midogo, mpaka mgongoni mwa jani. Jani moja moja, usiruke hata moja. Beseni la jioni moja linakula nusu ya alasiri. Moto wenyewe ni dakika chache. Ila hiyo ya nyuzi utaifanya umekaa, hata hutaonekana kama uko kazini.

Fundi Saa alilitazama lile jani mkononi mwa yule mama.

Aliiona ngazi ya mlango wa nyuma. Aliiona mvua baada ya mvua, miaka ishirini na miwili: mke wake amekaa pale, beseni mapajani, vidole vinakwenda. Yeye hurudi kutoka kazini, hufungua mlango na kusema: "Wenzako wanahangaika, wewe umekaa tu." Hakulisema mara moja. Siku moja alilisema mbele ya wageni, na hawa watatu walikuwemo, wakacheka sana. Marehemu akatabasamu, akaweka beseni pembeni, akainuka kuwachemshia chai. Alipowamiminia wote, akarudi kukaa. Jioni ile walikula majani ya maboga mpaka wakafuta bakuli, wakasifu nyanya.

— Sasa mtu akae nusu siku kwa ajili ya majani? — Gazeti akasema. — Huo si uvivu?

Wao wenyewe walikuwa wamekaa hapo tangu saa saba.

— Mama, saa yako niachie, — Fundi akasema. — Kesho mchana utaikuta inatembea.

— Na wewe wapi? — Breki akauliza. — Kahawa hii hapa, mjadala haujaisha.

— Nakwenda kukaa.

Alipofunga kibanda alimsikia Katibu nyuma yake akisema kwamba yeye suala la nyuzi alikuwa analijua, ila hakuulizwa, na Breki akimwuliza kama hayo meno yaliyotafuna maboga miaka yote nayo hayakumuuliza. Muuza kahawa aliinamisha birika, likatoa mashapo matupu. Wakaendelea kubishana na vikombe vitupu mikononi.

Nyumbani mtoto alikuwa amerudi kutoka shule. Fundi alichuma majani yote mabichi yaliyobaki, akayatia kwenye beseni, akakaa kwenye ngazi ya nyuma. Vidole vyake vilizoea kushika skrubu ndogo kuliko punje ya mchele, lakini kikonyo cha kwanza kilimkatikia. Cha pili kikamchoma. Cha tatu uzi ukakomea njiani. Binti yake alimtazama akiwa mlangoni. Kisha akaja, akakaa kando yake, akachukua jani mkononi mwake, akavunja ncha na kuvuta. Uzi ukatoka mzima mpaka mgongoni.

— Kumbe unajua?

— Mama alinifundisha.

— Mbona hukuniambia, mwanangu?

— Ulisema nisiingie jikoni, nikae tu.

Fundi alichukua jani lingine, akamwomba amwonyeshe tena, polepole, na mtoto akamwonyesha kama mtu anavyomwonyesha mdogo wake. Walitoa nyuzi hadi jua lilipofika nyuma ya nyumba za jirani. Yeye akakata kitunguu, mtoto akatia nyanya na kuonja chumvi. Wakala palepale ngazini, kwenye sahani moja, na wali. Mtoto alikula bila haraka, na sahani ilipokwisha akaenda mwenyewe kutazama sufuria.

— Baba, tumbakizie mama mkubwa kidogo?

— Tumbakizie.

Mtoto alipoingia ndani kutafuta bakuli, Fundi alinawa mikono. Vidole vilikuwa vya kijani, vikiwasha. Akavikunja mapajani, akafumba macho.

"Ee Mwenyezi Mungu, mja wako alifanya kazi mbele ya macho yangu, nami nikamwita mkaaji. Mimi nisamehe, yeye mrehemu. Umlipe kila jani, maana mimi sikuyahesabu. Mpe huko kwako mahali pa kukaa, penye kivuli, na asitokee mtu wa kumwambia ainuke. Amina."