Mama Kadi na Sauti Zisizohitaji Mtandao

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, afisa ugani wetu anastaafu tarehe 30 Juni. Jina lake halisi limo kwenye faili. Wakulima humwita Mama Kadi, nasi tukafuata.

Alianza na baiskeli na daftari. Masomo ya kilimo yalipohamia kwenye simu, mtandao wa huku ukawa wa kuvizia: unaupata juu ya kichuguu, ukishuka umeshakukimbia. Yeye akayapakua mjini, akayatia kwenye kadi ndogo za kumbukumbu za simu na kuwanakilia wakulima siku za soko. Kisha akaanza kurekodi wakulima wenyewe, kwani aliamini mtu humsikia jirani yake kuliko mtaalamu. Alijijumuisha kwenye hao wataalamu, tena kwa kicheko.

Mwaka wangu wa kwanza kama msaidizi wake ofisini, nilifuta kadi moja ili nipate nafasi. Wiki mbili baadaye akaja mjane mmoja. Marehemu mumewe aliwahi kurekodiwa akieleza namna ya kuhifadhi mbegu za maharage, naye alitaka kuisikia sauti ile. Nilitamani ardhi inimeze.

Mama Kadi hakunifokea. Alichukua baiskeli, akazunguka siku tatu nyumba kwa nyumba, akiwauliza wote waliowahi kunakiliwa somo lile. Alilipata kwenye simu ya fundi cherehani, kioo chake kimepasuka, sauti nzima.

Mjane alisikiliza ofisini kwetu, mikono mapajani. Katikati ya maelezo mumewe alikohoa kwa muda mrefu, nami, kwa kutaka kujirudi, nikasema ningeweza kukiondoa kile kikohozi.

“Kiache, mwanangu,” akasema. “Hapo ndipo ninapomsikia.”

Tangu siku hiyo Mama Kadi aliweka nakala tatu za kila sauti, katika nyumba tatu tofauti. Leo kata yetu ina sauti mia nne na kumi na mbili. Yake haimo hata moja. Kila nilipomwelekezea kinasa sauti alikumbuka kazi nyingine.

Jumanne, siku ya soko ya kwanza bila yeye, wakulima watakuja na simu zao, watachungulia ndani, wataniuliza yuko wapi.

Mama, tunakushukuru kwa kila kilima ulichopanda kwa ajili yetu. Ukapumzike kwa afya na amani. Na siku ukipita karibu, ingia uketi, uzungumze lolote. Safari hii nitakuwa nimeshawasha kinasa.